Kumbe Wamarekani nao wana "ugali"! Ijue griti, na kwa nini ugali usiachwe peke yake

Leo naomba tuache siasa na mpira pembeni kidogo tuongelee chakula, maana tumbo halina chama.

Stori ilianza hivi. Nina binamu yangu yuko Marekani, jimbo la Georgia, anabeba maboksi. Wiki iliyopita akanitumia picha ya chai yake ya asubuhi. Naangalia naona bakuli, ndani kuna kitu cheupe ambacho hakijaamua kama ni uji au ni ugali. Juu yake kamba watano wa kukaanga, pembeni siagi inayeyuka. Chini ameandika: "Mshkaji, huku nako ugali upo." Nikamwambia acha fiksi. Akasema kweli tupu, kinaitwa grits, na watu wa huko hawaelewani nacho mchezo.

Basi mimi na ubishi wangu nikaenda kafe, nikalipia saa moja, nikaanza kuperuzi. Nilijua ni suala la dakika kumi halafu nikaangalie msimamo wa ligi. Wapi! Saa ikaisha, nikaongeza nyingine. Kumbe nyuma ya lile bakuli kuna habari nzito ya watu waliokufa kwa maelfu huku wameshiba. Ndiyo, wameshiba. Na habari yenyewe inatuhusu sisi wa geto ambao mwisho wa mwezi tunasonga sembe na kutafuta chumvi. Tulieni niwape mambo yote taratibu.

GRITI NI KITU GANI?

Wenyewe wanaandika grits. Mimi hapa nitaiita griti ili tusijing'ate ulimi. Kwa kifupi griti ni chenga za mahindi makavu. Yaani mahindi yanasagwa lakini hayafikishwi kuwa unga, yanabaki vipunje vidogo vidogo ambavyo ukivishika mkononi vinakwaruza kama mchanga.

Upishi wake ni huu: kikombe kimoja cha chenga kwa vikombe vinne hivi vya maji, au maji na maziwa, chumvi kidogo, moto mdogo, halafu unakoroga kila baada ya muda mpaka zilainike. Hapo ndipo inapoachana na ugali. Ugali tunausonga mpaka mwiko ulie na jasho likutoke, tunaukata kwa mkono, tunachovya kwenye mchuzi. Griti haisongwi, inakorogwa tu, na inaliwa kwa kijiko. Wengi wanakula asubuhi na siagi, jibini, mayai au soseji. Kule Charleston, South Carolina, wavuvi walikuwa wanakula griti na kamba kabla ya kuanza siku. Leo chakula hichohicho cha mvuvi kinauzwa kwenye migahawa ya watu wenye pesa zao. Na mwaka 2002 jimbo la Georgia liliitangaza griti kuwa chakula chake rasmi. Kwa hiyo binamu hakudanganya.

Kwa wale wapenzi wa muvi, itafuteni My Cousin Vinny ya mwaka 1992. Kuna kesi ya mauaji huko Alabama, na wakili mmoja mgeni kutoka New York anaonekana hajui chochote. Shahidi anasema aliwaona washtakiwa wakiingia dukani wakati anaanza kuandaa kifungua kinywa, na dakika tano baadaye, yuko tayari kula, akasikia mlio wa risasi. Wakili anamuuliza, ulikuwa unapika nini? Kumbe kulikuwa na griti. Sasa watu wa kusini mwa Marekani wote wanajua griti ya kawaida inataka kama dakika ishirini. Dakika tano imeivaje? Ushahidi ukaanguka palepale. Ni kama mtu akuambie alipika makande kwa nusu saa!

MWENYE MAHINDI NI NANI?

Sisi tunaita mahindi, na wazee wengi wanasema jina limetokana na India. Waitaliano nao wanayaita nafaka ya Kituruki. Kila mtu anamsingizia jirani. Ukweli ni kwamba mahindi hayakutoka India wala Uturuki. Yalianzia kusini mwa Mexico, miaka kama 9,000 iliyopita, pale watu walipoanza kupanda na kuchagua mbegu za jani moja la porini linaloitwa teosinte. Hilo jani lina kisuke kidogo chenye punje chache ngumu kama kokoto. Wakulima wa kule, kizazi baada ya kizazi, ndio waliolitengeneza mpaka likawa hili gunzi tunalochoma barabarani.

Na hawakutengeneza mbegu tu, walitengeneza na namna ya kupika. Hii sehemu isomeni vizuri maana ndiyo moyo wa makala.

Watu wa Mexico na Guatemala, tangu zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, hawasagi mahindi makavu hivihivi. Wanayachemsha kwanza kwenye maji yenye chokaa au majivu, halafu wanayaacha yalale humo usiku kucha. Asubuhi wanayaosha. Lile ganda gumu linatoka lenyewe, punje inavimba na kuwa laini, harufu inabadilika. Wanaita nishtamali, neno la lugha ya Kinahuatl lililounganishwa kutoka maneno mawili, majivu na donge la unga. Mahindi hayo ukiyasaga unapata donge linaloshikana vizuri, unalitanda jembamba kama chapati, unachoma kwenye kikaango kikavu. Hiyo ndiyo tortiya. Ukifunga donge kwenye maganda ya mahindi na kulipika kwa mvuke, ni tamale. Ukipika zile punje nzima nzima na nyama, ni pozole.

Wenyeji wa asili wa huko ambako leo ni Marekani nao walikuwa na utaalamu huo, wakitumia majivu ya kuni. Punje zilizotolewa ganda waliziita kwa jina ambalo wazungu wakalitamka homini, kutoka lugha ya Wapowhatan wa Virginia. Wazungu walipofika miaka ya 1600 wana njaa zao, walifundishwa chakula hicho. Ukikausha homini na kuisaga kidogo tu, unapata griti. Kwa hiyo griti ya asili ilipitia majivu kwanza. Shikeni hapo, tutarudi.

KILA NCHI NA MWIKO WAKE

Baada ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492, mahindi yalisambaa kama umbea. Miaka ya 1500 Wareno walishayafikisha pwani za Afrika. Waliyapenda wakulima kwa sababu yanakomaa haraka, na ndege hawayashambulii kama mtama kwa kuwa gunzi limevaa koti.

Kila watu waliyapokea kwa chungu walichokuwa nacho. Waitaliano wa kaskazini walikuwa tayari wanapika uji mzito wa nafaka nyingine, wakaweka mahindi mahali pake, ikawa polenta. Waromania wana mamaliga, ambayo wakiisonga ngumu wanaikata kwa uzi, ukiiona utaapa ni ugali wa kwa bibi. Wavenezuela na Wakolombia wana arepa, mkate mnene wa duara. Waghana wanachachusha donge la mahindi siku kadhaa kabla ya kupika, wanapata kenkey na banku, vyakula vyenye uchachu wake. Afrika Kusini wana pap, na pia wana samp, mahindi yaliyotwangwa yakatoka ganda, wanayapika na maharage.

Huku kwetu hesabu ni ileile. Kabla ya mahindi, ugali ulikuwa wa mtama, ulezi na uwele. Mahindi yakaingia kwenye chungu hichohicho. Tanzania na Kenya ni ugali, Mombasa ukisema sima wamekuelewa, Lubumbashi ni bukari, Malawi ni nsima, Zimbabwe ni sadza. Uganda wanaita posho, na jina hilo linatoboa siri, kwa sababu posho ni ule mgao anaopewa mfanyakazi. Wakati wa ukoloni unga wa mahindi ndio uliogawiwa kwa vibarua wa mashamba na askari, na hapo ndipo mahindi yalipompiga kumbo mtama.

Kuna na jamii ya mahindi mazima. Wapare wanasifika kwa makande, Wakikuyu wana githeri, Wakamba wana muthokoi. Muthokoi kwa kweli ndiyo jirani wa karibu zaidi wa homini, kwa sababu mahindi yanatwangwa kwenye kinu mpaka ganda litoke ndipo yapikwe na maharage au mbaazi. Tofauti ni kwamba Wakamba walitumia mchi, wenzao wa Mexico walitumia chokaa.

Halafu sikilizeni hii, mimi ilinishangaza. Mahindi meupe tunayoringia huku yana undugu wa damu na griti. Kuna mbegu nyeupe ya kusini mwa Marekani inaitwa Hickory King, ambayo wenyewe waliipenda kwa homini na griti. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ilikuwa imeshaingia kusini mwa Afrika na kwenye mashamba ya walowezi Kenya, na ni mojawapo ya mbegu zilizochanganyika kuzaa mahindi meupe ya Kenya. Kwa hiyo binamu yangu anapokula griti huko Georgia, anaweza kuwa anakula shemeji wa ugali wa nyumbani.

MBEGU ILISAFIRI, MAELEKEZO YAKABAKI

Sasa tuingie kwenye penyewe. Wazungu walichukua mbegu Mexico wakaacha chokaa. Waliona kazi ya kuchemsha na majivu ni usumbufu tu wa akina mama wa kule, wakati wao wana vinu vya mawe vinavyosaga mahindi makavu bila shida. Ni kama umenunua simu mpya ukatupa karatasi ya maelekezo kwa sababu unajiona mjanja.

Mwaka 1735 daktari mmoja wa Hispania, Gaspar Casal, akaanza kuandika kuhusu ugonjwa wa ajabu kwa wakulima maskini waliokuwa wanaishi kwa mahindi. Ngozi inayopigwa na jua inakuwa nyekundu, inakauka na kubabuka, shingoni inatokea alama kama mkufu. Baadaye ikaonekana Italia, kule kwenye polenta. Mwaka 1771 daktari Francesco Frapolli akaupa jina pelagra, yaani ngozi iliyokakamaa. Unaanza na ngozi, unafuata kuharisha, halafu akili inavurugika mtu anaanza kuweweseka, na mwisho ni kaburi.

Kwa miaka karibu 200 wataalamu walibishana. Wengine wakasema ni mahindi yaliyooza, wengine ni wadudu wanaouma, wengine ni damu mbaya ya ukoo.

Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1900 ukalipuka kusini mwa Marekani, nchi ya griti. Kwa nini wakati huo? Sababu ziko mbili. Ya kwanza, mashamba yote yalikuwa pamba mpaka mlangoni kwa mtu. Wakulima wa kukodi, weusi kwa weupe, hawakuwa na bustani wala ng'ombe. Chakula chao cha mwaka mzima kilikuwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na sirapu ya miwa. Ya pili, zilikuja mashine kubwa za kukoboa zinazoondoa kiini cha mahindi ili unga ukae muda mrefu bila kuharibika, usafirishwe kwa treni, uuzwe bei poa. Unga mweupe, mlaini, mzuri machoni. Unawakumbusha kitu? Mimi ulinikumbusha kilo ya sembe.

Matokeo yake, katika miongo minne ya kwanza ya karne ile walipata pelagra watu wapatao milioni 3 na wakafa kama 100,000. Hao watu hawakulala njaa. Matumbo yalikuwa yamejaa.

DAKTARI ALIYEKUNYWA UCHAFU ILI AELEWEKE

Mwaka 1914 serikali ya Marekani ikamtuma daktari Joseph Goldberger akachunguze. Wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Jamaa alipotembelea hospitali za wagonjwa wa akili na vituo vya yatima akaona jambo moja dogo ambalo wengine hawakulitilia maanani: wagonjwa wanaugua, wauguzi hawaugui. Kama ni wa kuambukiza, kwa nini unachagua? Akaangalia sahani. Sahani za wauguzi zilikuwa na maziwa, nyama na mayai, za wagonjwa zilikuwa na mahindi juu ya mahindi.

Akaongeza maziwa, mayai, nyama na maharage kwenye vituo viwili vya yatima mjini Jackson, Mississippi. Pelagra ikaondoka karibu yote. Mwaka 1915 akafanya kinyume chake. Alienda kwenye gereza la shamba la Rankin, wafungwa wenye afya wakajitolea kwa ahadi ya kusamehewa kifungo. Wakalishwa unga wa mahindi, griti, wali, mkate mweupe, viazi vitamu, sirapu, na majani kidogo. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna mayai. Baada ya miezi kadhaa, kati ya wafungwa 11 waliofika mwisho, 6 walionyesha dalili za pelagra.

Bado wakabisha! Basi mwaka 1916 yeye na wenzake wakajidunga damu ya wagonjwa, na wakameza magamba ya ngozi na vinyesi vya wagonjwa vilivyofinyangwa na unga. Mke wake pia alidungwa damu. Hakuna aliyepata pelagra. Sijui wewe, lakini mimi ubishi wangu huwa unaishia kwenye soda moja, haufiki huko.

Tatizo likawa siasa. Kukubali kwamba ni chakula ilikuwa ni kukubali kwamba maskini wa kusini hawana uwezo wa kula vizuri, na baadhi ya viongozi wa huko walichukia kuambiwa hivyo. Goldberger akafariki mwaka 1929 hajajua ni kitu gani hasa kinachokosekana. Mwaka 1937 mtaalamu Conrad Elvehjem wa Wisconsin akakipata: ni niasini, wengine wanaita vitamini B3.

Na hapa ndipo utachoka. Niasini imo kwenye mahindi! Tatizo imefungiwa ndani, tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Ufunguo wake ni nini? Chokaa. Majivu. Kile kitu ambacho akina mama wa Mexico walikuwa wanakifanya miaka 3,000 bila maabara, na wazungu wakakiona usumbufu. Ndiyo maana Wamexico walikula mahindi vizazi na vizazi bila janga la namna hiyo, tena chokaa inawaongezea kalsiamu na wanakula tortiya na maharage.

Marekani miaka ya 1940 majimbo ya kusini yakaanza kuagiza unga na griti viongezewe vitamini, na maisha nayo yakawa nafuu, pelagra ikapotea. Leo griti nyingi madukani hazijapitia majivu wala chokaa, zinasagwa kavu tu. Lakini mtu anaila na yai, jibini na kamba, kwa hiyo hapati shida. Lile bakuli la binamu lilikuwa na kinga yake juu.

SASA SISI INATUHUSU NINI?

Mtu atasema, mbona sisi tunakula ugali kila siku na hatubabuki shingo? Jibu liko kwenye sahani yako. Sisi hatukuletewa chokaa, lakini mahindi yalipofika yalikuta watu wenye utamaduni wa mboga. Ugali huku hauli mtu peke yake. Una maharage, dagaa, mchicha, kisamvu cha karanga, maziwa ya mgando, mlenda, samaki. Niasini inatoka huko, na kule kwenye nyama, maziwa na mayai kuna protini ambayo mwili unaweza kuitumia kujitengenezea niasini wenyewe. Mexico wana chokaa, sisi tuna mboga.

Ukiitoa mboga, kinga imeondoka. Na hili si la Marekani ya zamani tu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wanaishi kwa mgao wa unga wa mahindi na karanga. Karanga zikakatika kwenye mgao, unga ukaendelea kuja. Ndani ya mwaka huohuo waliorodheshwa wagonjwa wa pelagra zaidi ya 18,000. Zilikosekana karanga tu, wadau. Hao si watu wa mbali, ni majirani wanaosonga kama sisi.

Mimi nilivyosoma hapo nikakumbuka mwaka niliomaliza shule. Tulikuwa watatu geto, hakuna mwenye kazi ya kueleweka. Kuna wiki nne nzima tulikuwa tunasonga sembe tunakula na chumvi na pilipili, siku nzuri tunapata mchuzi wa bure kwa mama ntilie. Tulikuwa tunajisifu kwamba tumeshiba. Mama alikuja kutusalimia, akafunua sufuria, hakuuliza kama tuna unga. Aliuliza swali moja tu: "Mboga iko wapi?" Tukacheka. Leo nakubali hakuwa anatania. Hatukuumwa, lakini sasa najua tulikuwa tunacheza karata gani.

Nawaomba mzingatie haya machache.

Kwanza, dona au sembe? Dona ina kiini na pumba, kwa hiyo ina vitamini na makapi zaidi ya sembe. Lakini msidhani dona peke yake ni dawa ya pelagra, niasini yake nayo imefungwa. Bado inataka mboga. Na dona inataka mahindi masafi, kwa sababu mahindi yaliyoota kuvu yanabeba sumukuvu, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara wakafa 20. Kupika hakuiondoi. Mahindi yaliyobadilika rangi au yananuka uvundo usipeleke mashineni, hata kama umeuziwa kwa bei ya kutupa.

Pili, mahindi ya njano tusiyadharau. Najua, mama anasema miaka ya shida waliletewa unga wa njano wa msaada, watu wakaubatiza "Yanga", na mpaka leo ukimtajia anakunja uso. Lakini ile rangi ni karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A, na kwenye mahindi meupe karibu haimo kabisa.

Tatu, unga wa viwandani usome mfuko. Kenya tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe virutubishi, niasini ikiwemo, na Tanzania nako kuna unga wenye alama ya kuongezwa virutubishi. Ule wa mashine ya mtaani hauna, kwa hiyo wewe mwenyewe ndiyo wa kuurutubisha, kwenye sahani.

Nne, TAFADHALI mtu asichukue chokaa ya kupakia ukuta akatia kwenye ugali eti nimesoma kwenye blogu. Chokaa ya Mexico ni ya chakula, ina vipimo vyake, na mahindi yanaoshwa baada ya kulala humo. Na magadi tunayotia kwenye makande ni ya kulainisha tu, ukizidisha unaua vitamini nyingine.

Tano, mboga si lazima iwe nyama. Pesa ya nusu saa hapa kafe inatosha fungu la dagaa au karanga za kusaga za kuunga mchicha. Karanga zina niasini nyingi kuliko vyakula vingi vya bei yake. Ukikosa vyote, maharage. Ikibidi kupunguza kitu, punguza tonge, usipunguze mboga.

Nimalizie hivi. Kwenye nyumba nyingi za kwetu mtu akirudi jioni haulizi "leo ugali upo?" Anauliza "leo mboga nini?" Mimi nilikuwa nadhani ni mazoea ya kuongea tu. Kumbe wazee walishajua kwamba ugali si swali, swali ni kile kilichokaa pembeni yake. Binamu nimemwambia aendelee na griti yake, ila asije akawaondoa wale kamba.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenu mahindi mnayapikaje na mnayaitaje? Kuna mtu bibi yake alikuwa anapika mahindi na majivu? Na walioko Marekani mnaokula griti, tuambieni ukweli, inapanda au mnajikaza? Andikeni hapo chini, nitasoma yote nikipata hela ya kafe.

Nawakilisha.